Pipa la Tatu

Shangazi Tazuko alipiga simu saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, wakati Fumino ameshavua koti, ameshakunywa glasi mbili za maji na ameshakwenda msalani mara tatu.

“Mwanangu, mgongo umenikaza. Hata kugeuka kitandani siwezi.”

“Shangazi! Leo?”

“Ndiyo leo. We unadhani mgongo unauliza tarehe?”

“Jamani, shangazi, mtihani unaanza saa nne kamili! Nimeandikisha jina lako. Bila mtu wa kucheza wananifuta, na hawaniiti tena.”

“Nani kakwambia huna mtu? Nimeshatuma mwingine, na hapo ofisini nimeshawaarifu. Mtu mzima, hajagusa gemu tangu azaliwe, hata simu yake ni ile ya kukunja. Si ndivyo walivyotaka hao mabosi wako?”

“Ndivyo, lakini ni nani?”

“Nimemwambia kuna kampuni inatafuta maoni ya wazee, halafu wanagawa chakula cha mchana, wali na samaki wa kuchoma. Sasa usije ukaniaibisha kwenye hilo la samaki.”

“Shangazi, ni nani?”

Simu ilikatika. Fumino alipiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Akabaki ameikodolea macho kama anaidai jibu.

Kampuni yenyewe ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la dobi, katika mtaa mwembamba wa Kyoto ambao Fumino aliupita kila siku akipeleka achari kwa wateja. Watu kumi na wawili tu walifanya kazi humo, lakini magemu yao yalichezwa nchi nzima. Walitangaza nafasi moja ya mwanafunzi wa ubunifu wa magemu, watu mia moja na arobaini wakaomba. Walibaki watatu. Wawili walijaribiwa jana, na leo ilikuwa zamu ya Kitagaki Fumino, miaka ishirini na sita, muuza achari, mtoto wa pekee wa baba yake.

Mtihani ulikuwa rahisi kuusimulia na mgumu kuuvumilia. Kila mwombaji alileta gemu aliyoitengeneza mwenyewe, pamoja na mtu mzima asiyejua magemu. Huyo mtu anakalishwa mbele ya skrini na kupewa nusu saa. Mwombaji anakaa nyuma ya ukuta wa mbao, anaona kila kitu kwenye skrini nyingine, na hafungui mdomo. Akitoa sauti, ametoka. Maana gemu ikishanunuliwa, aliyeitengeneza haendi nayo sebuleni kwa watu akawaambie bonyeza hapa, ruka pale. Mchezaji akifika mwisho kwa akili zake mwenyewe, Bi. Minase, mwenye kampuni, ndiye anayeamua. Asipofika, hakuna cha kuamua.

Na kulikuwa na Jumapili, yaani kesho. Kesho saa nane mchana baba yake alikuwa amemwandalia miadi ya kuonana na mchumba kwenye hoteli moja yenye bustani. Mchumba mwenyewe alikuwa mtoto wa pili wa ukoo wa Ohara, kijana mpole aliyekubali kuingia nyumbani kwa mke, kuchukua jina la Kitagaki na kurithi duka. Fumino alijiwekea nadhiri. Akipata kiti hiki, atamwambia baba yake kila kitu. Akikikosa, atavaa kimono cha marehemu mama yake, atakwenda kunywa chai na huyo mpole, na hatalia mbele za watu.

“Umekula?”

Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile angeitambua hata katikati ya stesheni jioni. Iwakiri Kazuma, mmoja wa wale kumi na wawili, alikuwa amesimama mlangoni na saa ya kuhesabia dakika mkononi, ukosi wa shati umekunjika upande mmoja kama kawaida yake. Fumino alitaka kuunyoosha ule ukosi. Mikono ilimwasha kabisa. Lakini jana walikuwa wamegombana, na yeye ndiye aliyeondoka bila kuaga.

“Nimekula,” alidanganya.

“Mwongo. Ukishakula unaongea sana.”

“Na wewe umekuja kunihoji au kunisalimia?”

Kazuma alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likafifia. “Fumino, la jana ni la jana. Leo mimi nashika saa tu, na kila kitu anaamua Bi. Minase. Anajua habari zetu, nilimwambia mwenyewe. Lakini bado sijabadilisha mawazo. Lile pipa la tatu ungelitoa.”

“Silitoi.”

“Watu saba wa humu ndani wamelijaribu. Saba! Wote wamesema gemu imeganda.”

“Kwa sababu wote wana vidole vinavyowasha.”

“Ndio wachezaji hao, mpenzi wangu. Wana vidole vinavyowasha.”

Neno lile “mpenzi wangu” lilimtoka bila kupanga, katikati ya ubishi. Macho yao yakakutana. Fumino alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni, akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Walijuana mwaka jana, majira ya kuchanua maua, katika darasa la jioni la watu waliotaka kuonja kazi ya ubunifu wa magemu. Fumino alikwenda akiwa na hofu. Alidhani kazi ile ni ya vichwa vya hesabu, yeye anajua chumvi na figili tu. Mwalimu wao, Kazuma, hakugusa hata kompyuta siku ile. Aliwapeleka stesheni, akawaambia wakae kwenye benchi saa nzima watazame watu wanavyochagua mlango wa kupita. “Kazi yetu ni hii,” alisema. “Kumtazama mtu, kujua anataka nini kabla hajasema, halafu kumtengenezea furaha.” Fumino alirudi nyumbani karibu anakimbia. Kumbe kazi aliyoifanya nyuma ya kaunta miaka yote, ya kumsoma mteja usoni, ina jina, na watu wanaifanya kwa michoro na sauti na hadithi! Wiki hiyo hiyo alianza kuchora gemu yake nyuma ya karatasi za kufungia achari. Na wiki iliyofuata alianza kumwota mwalimu. Hilo hakuliandika popote.

Ilikuwa gemu ndogo. Unaamka katika jiko la kale lenye mapipa matatu ya mbao. Unapanga mboga, unanyunyiza chumvi, unaweka mawe juu ya kifuniko. Pipa la kwanza ni la kabichi, mtoto analimaliza. La pili ni la figili, linataka macho. La tatu ndilo lililoleta ugomvi. Hapo unaweka mawe yote, halafu hakuna kitufe kinachofanya kazi. Hakuna mshale wala maandishi. Unatakiwa uache mikono mpaka maji ya chumvi yapande yenyewe, kisha upunguze mawe nusu. Ukibonyeza chochote kabla ya hapo, maji yanarudi chini.

“Kazuma,” alisema sasa, kwa sauti ya chini. “Nikilitoa hilo, itabaki gemu ya mtu mwingine yeyote. Nielewe.”

“Nakuelewa. Naogopa tu.” Alisogea hatua moja. “Kesho naiogopa kuliko unavyoiogopa wewe.”

Kabla Fumino hajajibu, kengele ya mlango ikalia. Bi. Minase, mwanamke mfupi wa nywele za mvi zilizokatwa kama za askari, akatoka ofisini kufungua.

“Karibu, mzee. Umetumwa na Bi. Tazuko?”

“Ndiyo. Kitagaki Genzo. Nimeambiwa mnataka maoni ya wazee.”

 Fumino alishika mkono wa Kazuma bila kujua ameushika. Baba! Asubuhi ile ile alikuwa amemuaga, akamwambia anakwenda kwa daktari wa meno.

“Ingia nyuma ya ukuta,” Kazuma alimnong’oneza. “Haraka!”

“Hatacheza. Akikuona wewe hatacheza!”

“Ingia!”

Aliingia. Alikaa kwenye kistuli mbele ya ile skrini ya pili, na pale, wazi kabisa, akamwona baba yake akivua kofia. Alikuwa amevaa koti lake la sherehe. Kwa ajili ya samaki wa kuchoma, mzee wa watu amevaa koti la sherehe!

Mzee Genzo alikaa, akakohoa, akainua macho. Akamwona Kazuma.

“Wewe!”

“Habari za asubuhi, mzee wangu,” Kazuma aliinama mpaka nywele zikagusa meza.

“Zilikuwa nzuri.”

Ugomvi wao ulikuwa wa miezi mitatu. Kazuma alikuwa amekwenda kujitambulisha, na mzee alimuuliza swali moja tu: wewe ni mtoto wa ngapi? Kazuma akajibu kwamba ni wa kwanza, na mwanaume wa pekee. Mtoto wa kwanza hatoki kwenye jina la baba yake, kila mtu anajua. Basi Mzee Genzo akamuuliza kwa upole kama angependa wali wa kumwagia chai. Mtu wa Kyoto akikuuliza hivyo, unatafuta viatu vyako uondoke. Kazuma kwao ni Kagoshima, kusini kabisa, huko ukikaribishwa chakula unakula. Alikula bakuli mbili, akasifu achari, akaomba nyingine. Mzee alipandwa na hasira ambayo hakupata pa kuitua mpaka leo.

“Mama,” mzee alimgeukia Bi. Minase, “mimi nitacheza hicho mnachotaka. Nimeshafika, na sipendi kurudi njiani. Ila huyu kijana asinisemeshe. Akiniuliza kitu simjibu.”

“Ana ruhusa ya kuuliza swali moja tu, mzee. Ukiweka hii padi ya kuchezea chini kwa dakika nzima bila kuigusa, atakuuliza kama umeacha. Usipomjibu ndani ya sekunde kumi, tunahesabu umeacha.”

“Asiniulize.”

“Basi usiweke padi chini,” Bi. Minase alisema, na akaenda kukaa pembeni. Kazuma akabonyeza saa.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. Mzee Genzo aliishika padi juu chini. Aliigeuza. Alilikodolea macho kabichi kwenye skrini, akalibonyeza, kabichi likaruka likaanguka nje ya pipa.

“Ala! Linakwenda wapi hili?”

Nyuma ya ukuta Fumino aliuma mkono wa sweta yake. Kitufe cha kushoto, baba. Cha kushoto! Miguu ilikuwa inacheza sakafuni yenyewe. Hakujua kwamba kumtazama mtu akihangaika na kitu ulichokitengeneza ni utamu na mateso kwa pamoja. Kila kidole cha baba yake kilipokosea, yeye aliona kosa lake. Ile picha ya mkono ni ndogo mno. Ile rangi ya chumvi inafanana na ya meza. Kichwani alikuwa anarekebisha vitu kumi kwa wakati mmoja, na kumbe alikuwa anatabasamu.

Dakika ya tano mzee alikipata kitufe cha kushoto mwenyewe. Kabichi likakaa.

“Haya! Sasa tunaelewana.”

Dakika ya tisa pipa la kwanza liliisha, vikapigwa vifijo kwenye skrini, na mzee akatazama huku na huku kuona nani amemwona. Alisogeza kiti mbele. Alivua lile koti la sherehe.

“Mama, huyu aliyetengeneza hii, figili zake kazipanga vizuri. Mkia ndani, kichwa nje. Siku hizi hata wauza achari wengine hawajui.”

Bi. Minase aliandika kitu. Fumino alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba yake alikuwa hajamsifu kupanga figili tangu alipokuwa na miaka kumi na minne.

“Ila chumvi kaweka kidogo. Mbahili huyu!”

Pipa la pili liliisha dakika ya kumi na tisa, baada ya figili kuoza mara mbili na mzee kuzitukana mara nne. Likafunguka pipa la tatu. Kazuma aliinua macho kidogo, akatazama ule ukuta wa mbao kana kwamba anaona hadi ndani. Fumino aliyaona macho yale kwenye skrini yake.

Mzee Genzo alipanga mboga. Akanyunyiza chumvi, safari hii nyingi. Akaweka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, yote, moja juu ya jingine, bila kusita. Kisha akaiweka padi mezani, akakunja mikono na kufumba macho.

Sekunde kumi. Ishirini. Kazuma alitazama saa. Fumino alisimama bila kujua amesimama. Baba amechoka? Amesinzia? Hapana, hapana, kidole gumba cha mzee kilikuwa kinapiga polepole kwenye goti, vile anavyofanya dukani akiwa amesimama mbele ya mapipa. Hajaacha! Anasubiri! Katika watu wote waliocheza gemu hii, huyu peke yake amefanya kitu cha kwanza alichotakiwa kufanya, na sheria inakwenda kumtoa kwa sababu hiyo hiyo.

Sekunde sitini.

Kazuma alimeza mate. “Mzee Kitagaki, umeacha?”

Mzee alisikia. Nyusi zilimtikisika. Lakini alishasema hamjibu, na Mzee Genzo akishasema amesema. 

Kazuma alihesabu kwa vidole, maana ndiyo sheria. Moja. Mbili. Tatu. Uso wake ulikuwa umepauka. Angeweza kuhesabu polepole na hakufanya hivyo, na Fumino, pamoja na uchungu wote, alimpenda zaidi kwa hilo. Nne. Tano. Neno moja tu. Jibu, baba!  Sita. Akipiga kelele sasa, baba atafungua macho, na mtihani utakufa hapo hapo. Saba. Asipopiga kelele, utakufa baada ya sekunde tatu. Alikaa chini, akafunga mikono kifuani, akanyamaza. Alikuwa amemtengenezea gemu mtu asiyehitaji kuambiwa. Nane. Basi asimwambie.

“Kijana,” Mzee Genzo alisema, macho bado yamefumba, “wewe umewahi kukamua figili maishani mwako?”

Kazuma alimtazama Bi. Minase. Bi. Minase aliinua kalamu. “Amejibu. Endelea.”

“Hapana, mzee wangu,” Kazuma alisema. “Sijawahi.”

“Ndiyo maana unaniuliza maswali ya kitoto. Ukishaweka jiwe, kazi yako imekwisha. Inayofanya kazi sasa ni chumvi. Ukienda kuchungulia chungulia unaharibu. Nimeacha! Nani kaacha? Maji yanakuja, hayo hapo.”

Na kweli yalikuwa yanakuja. Kwenye skrini, ukingoni mwa kifuniko, mstari mwembamba wa maji ulikuwa unapanda taratibu. Mzee alifumbua macho na kuinama mbele.  Maji yalipofika juu, mzee alichukua padi, akatoa mawe nusu, moja moja.

“Yakikaa yote, zinakuwa ngumu kama kamba. Huyu mtu anajua kazi, wallahi. Anajua kazi.”

Kifuniko kikafunguka. Hapo Fumino hakuwa ameweka vifijo wala muziki. Aliweka sauti ya kisu kwenye ubao, aliyoirekodi kwa simu miaka minane nyuma, asubuhi moja ya kawaida, wakati mama yake akikatakata achari za kifungua kinywa. Mikato miwili ya haraka, mmoja wa taratibu, kisha kimya kidogo, kisha tena.

Mzee Genzo aliganda. Padi ilimteleza, ikaanguka mapajani.

“Huu mkono wa Yasue,” alisema.

Kazuma alibonyeza saa. “Dakika ya ishirini na sita. Amefika mwisho.”

“Huu ni mkono wa mke wangu! Nani katengeneza hii?”

Fumino alitoka nyuma ya ukuta.  Baba na binti walitazamana, na kwenye skrini kisu kiliendelea kukata.

“Na daktari wa meno?” mzee aliuliza hatimaye.

“Sikwenda, baba.”

“Nilijua. Meno yako mazima.”

“Shangazi alitakiwa aje yeye. Mgongo wake...”

“Mgongo gani? Tazuko nimemwacha dukani anabeba ndoo.”

Wakati mwingine wowote Fumino angecheka. Sasa alivuta pumzi, maana alijua asiposema leo hatasema tena.

“Baba, hii gemu ni yangu. Nimeitengeneza kwa mwaka mzima, usiku nawe umelala. Nilikuwa naona aibu kukwambia. Nilidhani utaona nimekimbia duka. Sijakimbia, baba. Kila kitu kilichomo humu umenifundisha wewe na mama. Lakini nataka kuwatengenezea watu vitu kama hivi, hapa, kila siku. Nataka sana mpaka silali. Na kesho siendi kule hotelini. Huyo mtoto wa Ohara hana kosa, ila mimi nampenda huyu.” Alimnyooshea Kazuma kidole. “Nampenda, baba. Na ukinikatalia nitaendelea kumpenda.”

Kazuma alikuwa amesimama wima, machozi yanamlengalenga na hajali.

“Jina je?” mzee aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nikifa, mlangoni patakuwa na jina la nani?”

“Mzee wangu,” Kazuma alisema, “naomba niseme.”

“Leo umeshaniuliza, nami nimeshakujibu. Sema.”

“Nyumbani nimeshawaambia, mwezi uliopita. Kwamba nitaomba kuingia kwenu. Mama yangu alilia siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu, akaniuliza jina la Kitagaki linaandikwaje.”

Fumino alimgeukia. “Hukuniambia!”

“Ningekwambia, ungehisi umefungwa. Nilitaka kwanza upate kiti chako. Uchague ukiwa na chako mkononi.”

Alimtazama mwanaume yule na ukosi wake uliokunjika, na mapenzi yakamjaa kifuani. Sasa hakujizuia. Alinyoosha mkono, mbele ya baba yake na mbele ya bosi, akaunyoosha ule ukosi. Kazuma aliudaka mkono, akaushikilia pale pale shingoni kwake.

Mzee Genzo aliangalia pembeni. Alitazama skrini, akatazama kofia yake, akatazama dari. Kisha akaingiza mkono kwenye koti la sherehe, akatoa simu ya kukunja, akabonyeza tarakimu moja moja huku ameisogeza mbali na macho.

“Halo? Bi. Ueda? Kitagaki hapa, wa achari. Nakupigia kuhusu kesho, ile miadi uliyotutafutia... Hapana, haumwi. Mzima wa afya. Wape Ohara pole zangu, nitakwenda mwenyewe kuwaomba radhi. Ee. Binti yangu hataweza. Amepata kazi.”

“Mzee,” Bi. Minase alisema kutoka pembeni, “mimi bado sijatamka kwamba nimemchukua.”

Mzee Genzo aliitoa simu sikioni, akaielekeza kwake kwa mkono ulionyooka.

“Basi tamka. Bi. Ueda anasubiri.”

Bi. Minase aliitazama simu. Akamtazama mzee aliyekuja kwa ajili ya samaki na bado hajauliza samaki, na machozi ambayo mzee yule hakuyafuta. Akafunga daftari lake.

“Jumatatu, saa tatu asubuhi,” alisema, karibu na simu, kwa sauti ya kusikika vizuri. “Na asichelewe.”

Mzee aliirudisha simu sikioni.

“Umesikia mwenyewe?”